Mwanaanga Akisharudi: Je, Nyimbo Zinamtendea Haki?

Ukizisikiliza kwa mfululizo nyimbo mashuhuri zilizotungwa juu ya wanaanga, utagundua kwamba watunzi wengi wamemsindikiza msafiri wao kwa uhodari mkubwa, lakini wachache wamekwenda kumpokea. David Bowie alitoa "Space Oddity" tarehe 11 Julai 1969, siku tano tu kabla ya Apollo 11, safari ya kwanza ya kutua binadamu Mwezini, kuondoka, na mwanaanga wake wa kubuni, Major Tom, akapotelea huko juu mawasiliano yalipokatika. Bowie alipomrejea mhusika huyo mwaka 1980 katika "Ashes to Ashes", alimwonyesha akiwa mtu aliyetekwa na dawa za kulevya. Mwaka 1972 Elton John aliimba "Rocket Man", maneno yakiwa ya Bernie Taupin, ambamo kuruka angani ni kazi ya kumtenga mtu na mke wake. Mwaka huohuo Harry Nilsson, katika "Spaceman", alimwimba mtu aliyeutamani uanaanga, akaupata, kisha akaona kwamba hakuna tena anayemjali.

Swali linalonisumbua ni kama nyimbo za namna hii ziliwasemea wanaanga au ziliwaonea. Pande zote mbili zina hoja nzito, na sidhani kwamba anayependa muziki huu anaweza kuukwepa uzito wa upande wowote.

Tuanze na wanaosema ziliwasemea. Katika miaka ile mwanaanga hakuwa na nafasi ya kusema kwamba ameelemewa. Watu watatu wa Apollo 11 walitua baharini tarehe 24 Julai 1969, wakakaa karantini hadi tarehe 10 Agosti, na walipotoka wakapokelewa kwa magwaride, hotuba za marais na ziara ya kuzunguka dunia. Picha rasmi ilikuwa ya mashujaa wasiotikisika. Miaka miwili hivi baadaye, mmoja wao, Buzz Aldrin, alilazwa hospitalini kwa ugonjwa wa sonona. Mwaka 1973 alichapisha kitabu alichokiita "Return to Earth", yaani "Kurudi Duniani", na humo akaeleza jinsi maisha yalivyomporomokea baada ya Mwezi. Ulevi ulimshika pia, na aliachana na pombe mwaka 1978. Zingatia tarehe hizo: nyimbo tatu kati ya hizo nne zilikwisha kuimbwa kabla kitabu hicho hakijatoka. Kwa hiyo wanaozitetea wana haki ya kusema kwamba watunzi waligusa mapema jeraha ambalo taasisi zilizowatuma wanaanga hazikutaka lionekane.

Hata hivyo, ni lazima tujiulize watunzi hao walilijuaje. Hawakuwa wamekaa na wanaanga. Taupin alipata wazo lake katika hadithi fupi ya Ray Bradbury iliyochapishwa mwaka 1951, miaka kumi kabla ya binadamu yeyote kuruka angani. Mimi naamini walichokijua barabara ni maisha ya mwanamuziki mwenyewe: kuondoka mara kwa mara, kushangiliwa na umati usiokujua, kisha kurudi kwenye nyumba iliyokwisha kujifunza kuishi bila wewe. Roketi iliwapa taswira kubwa ya kubebea hisia hiyo, kama vile malenga wa pwani alivyolitumia jahazi kusema mambo ya moyo bila kuwa na nia ya kumfundisha mtu ubaharia. Kwa kipimo hicho nyimbo hizo ni za kweli. Hakuna anayeweza kumlaumu mtunzi kwa kuazima suti ya mwanaanga ikiwa mtu aliyemvalisha ni wa kubuni.

Tatizo linaanza pale anayevalishwa suti hiyo anapokuwa mtu halisi, aliye hai, mwenye jina lake. Mwaka 1970 kundi la Jethro Tull la Uingereza lilitoa wimbo unaomtaja Michael Collins, yule wa Apollo 11 aliyebaki akiuzunguka Mwezi peke yake wakati wenzake wawili wakitembea juu yake. Katika wimbo huo amekuwa alama ya aliyeachwa nyuma, na mwimbaji anamlinganisha na hali yake mwenyewe ya kujiona hatoshi. Ni wimbo mzuri, wenye huruma ya dhati. Lakini Collins alipoandika kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1974, alieleza kwamba katika zile dakika 48 za kila mzunguko alipokuwa nyuma ya Mwezi bila mawasiliano na mtu yeyote, alijua fika kwamba ametengwa na viumbe wote, ila hakuhisi woga wala upweke. Alihisi utulivu na kuridhika kunakokaribia furaha. Baadaye alisimamia ujenzi na ufunguzi wa jumba la makumbusho ya taifa ya anga mjini Washington, lililofungua milango mwaka 1976. Wengi bado wanamfahamu kama mtu mpweke kuliko wote waliowahi kuishi, sifa ambayo mwenyewe hakuikubali. Hapa siwezi kusema kwamba wimbo ulimsemea. Ulimwekea kinywani huzuni isiyokuwa yake, hata kama kusudi lilikuwa jema.

Na hata habari ya Aldrin, ambayo ndiyo nguzo ya utetezi, si nyepesi kama wimbo unavyopenda iwe. Yeye mwenyewe amesema waziwazi kwamba sonona ilikuwemo katika ukoo wa mama yake tangu zamani. Mwezi haukumwangusha peke yake. Kulikuwa na urithi, kulikuwa na msongo wa kugeuzwa sanamu akiwa hai, na kulikuwa na kazi ya kijeshi iliyomalizika vibaya. Wimbo wa dakika nne hauwezi kubeba yote hayo, nami siudai uyabebe. Ninachodai ni kwamba msikilizaji asidhani amekwisha kuambiwa habari yote.

Kwa maoni yangu, basi, kosa kubwa la nyimbo hizi si kutia chumvi, maana muziki usiotia chumvi hauimbiki. Kosa ni kwamba anguko limekuwa mwisho pekee unaofikirika kwa aliyerudi. Wapo watakaojibu kwamba maisha tulivu hayazai wimbo. Sikubaliani nao. Neil Armstrong alifundisha uhandisi wa vyombo vya anga katika Chuo Kikuu cha Cincinnati kuanzia 1971 hadi 1979. Mtu aliyekanyaga Mwezi akasimama mbele ya ubao kueleza hesabu za mbawa. Alan Bean, mtu wa nne kuukanyaga, aliondoka NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1981 akawa mchoraji, na kwa miaka mingi akawa anarudi Mwezini kwa brashi. Katika rangi zake alichanganya vumbi la huko lililonasa kwenye beji za suti yake, na kabla ya kuchora alikuwa akiupigapiga ubao kwa nyundo aliyoitumia juu ya Mwezi ili upate alama. Mtunzi anayeona kwamba hapo hakuna ubeti, nadhani hajautazama mkono ule kwa makini.

Upande wa pili wa dunia, katika Umoja wa Kisovieti, makosa yalikwenda kinyume. Yuri Gagarin, binadamu wa kwanza kufika anga za juu, aliruka kwa dakika 108 tarehe 12 Aprili 1961, akafa katika ajali ya ndege ya mazoezi tarehe 27 Machi 1968, na muda mfupi baadaye Aleksandra Pakhmutova na Nikolai Dobronravov wakamtungia mfululizo mzima wa nyimbo. Humo amebaki kijana wa tabasamu, asiyeguswa na miaka saba ya ziara, hotuba na kuzuiwa kurudi anga za juu ambayo ndiyo iliyokuwa maisha yake halisi baada ya kurudi. Wimbo wa "Trava u doma", uliovuma kupitia kundi la Zemlyane mwaka 1983, ulikaribia zaidi moyo wa jambo: wasafiri hawaoti nyota, wanaota nyasi za uani kwao. Mwaka 2009 ulifanywa wimbo rasmi wa safari za anga za Urusi. Lakini hata huo unaishia kwenye ndoto. Mguu haujagusa nyasi.

Na kugusa huko ndiko kwenye habari nyingi. Angani mtu hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya uzito wa mifupa inayobeba mwili kila mwezi. Akirudi baada ya nusu mwaka hubebwa kutoka kwenye chombo, kizunguzungu humshika akigeuza kichwa tu, na kuirudisha mifupa huchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Mwanaanga wa Canada, Chris Hadfield, ndiye aliyelisogeza jambo hili karibu zaidi, na alilisogeza kwa wimbo uleule wa Bowie. Aliurekodi akiwa ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, ukatolewa tarehe 12 Mei 2013, na maneno yalikuwa yamebadilishwa ili msafiri asipotee: muda wake unakwisha, anafunga mlango wa chombo, anarudi nyumbani. Bowie aliupenda mno. Siku mbili baadaye, baada ya karibu miezi mitano angani, Hadfield alitua kwenye nyika za Kazakhstan, na alipohojiwa alisema kwamba aliweza kuhisi uzito wa midomo na ulimi wake, na kwamba ilimbidi abadilishe namna anavyozungumza. Kule juu alikuwa amezoea, bila kujua, kusema na kuimba kwa ulimi usio na uzito.