Mtu mzima katikati ya mayowe ya Nangwanda

Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba na malipo ya minada yakaanza kuingia, mabango ya matamasha nayo huanza kubandikwa Mtwara, Masasi mpaka Lindi mjini. Waandaaji wanajua hesabu zao. Wasafi Festival ya mwaka 2018 ilianzia Mtwara, Uwanja wa Nangwanda Sijaona, mwezi Novemba, na siamini kwamba mwezi ule ulichaguliwa kwa kubahatisha. Kila shoo ikishapita, vijiweni hakukosi habari moja: fulani naye alikuwepo, na mvi zake, katikati ya watoto wanaopiga mayowe. Hukumu hutoka papo hapo. Anazeeka vibaya.

Wanaosema hivyo si watu wa kubezwa. Huku Kusini, kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, ukoo umefuata upande wa mama, na mjomba ana kauli nzito juu ya mpwa wake. Binti wa miaka ishirini aliyekwenda kuruka na wenzake, akigeuka akakutana uso kwa uso na mjomba, usiku wake umekwisha hata kama mjomba hakutamka neno. Kijana anahitaji mahali pa kupumua mbali na macho ya wakubwa, na hilo nalikubali kabisa. Tena wapo watu wazima wanaoingia uwanjani kufuata mabinti, mafataki kama redio zilivyotuzoesha kuwaita, pesa ya korosho ikiwa mfukoni. Mzazi anayewahofia yuko sahihi. Ila fataki ni wa kushughulikiwa na walinzi na polisi, na wala hahitaji tamasha ili afanye uovu wake. Kumtilia shaka kila mwenye mvi hakumlindi binti yeyote.

Nikimtoa fataki, swali linabaki: huyo mtu mzima mwingine amekosa nini?

Bongo Fleva ilianza kushika kasi miaka ya 1990. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 2001, akirudisha kaseti nyuma ili akariri mistari ya Professor Jay na Juma Nature, leo ameshapita arobaini. Hajavamia muziki wa watoto. Yeye ndiye aliyeutetea nyumbani siku ambazo baba yake aliuita uhuni. Wasichana waliowapigia mayowe The Beatles pale Shea Stadium, New York, Agosti 1965, katika umati wa zaidi ya 55,000, mpaka wanamuziki wenyewe wakashindwa kujisikia, sasa ni mabibi wa miaka sabini na zaidi. Mayowe hayajawahi kuwa mali ya kizazi kimoja.

Wa miaka sitini ndiye ninayemhurumia zaidi, maana yeye huambiwa abaki na zilipendwa zake. Zipi hizo alizowahi kuziona? Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, magari ya kutoka Dar es Salaam yalivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakizidi, Kusini ilikatika. Bendi ya Msondo ilikuwepo tangu 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ya Sikinde ikaja 1978, lakini kijana wa Newala au Liwale wa mwaka 1985 alizifahamu zaidi kupitia Radio Tanzania. Mwimbaji Marijani Rajab kwake alikuwa sauti tu. Sasa jukwaa kubwa limefika mlangoni kwake, taa na spika zote, na anayepanda ni Harmonize, mtoto wa Mtwara aliyejiita Konde Boy na kulitembeza jina la Wamakonde nchi nzima. Mmakonde wa miaka sitini abaki nyumbani? Na kiingilio cha wajukuu mara nyingi kimetoka kwenye mikorosho aliyoipanda yeye.

Hoja ya masikio inanisumbua kuliko zote, kwa sababu hutolewa kwa sura ya huruma: mzee, kelele zile zitakuua. Basi tuziangalie namba. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa sauti katika kumbi na matamasha usizidi desibeli 100. Kwa mwongozo wake wa usikilizaji salama, sauti ya desibeli 80 unaweza kukaa nayo saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, saa 4. Ikifika 100, ni kama dakika 20 kwa wiki nzima. Dakika ishirini! Hapo wanaimba wasanii wa utangulizi, mkubwa hajapanda. Na ukelele wa mtu aliyesimama ubavuni mwako unaweza kufika huko bila msaada wa spika.

Lakini waliokuwa akilini mwa shirika hilo ni vijana hasa: zaidi ya watu bilioni moja wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya sauti kubwa. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena, za miaka 19 wala za miaka 60. Kwa hiyo anayemwonea huruma mzee, huku amesimama mbele ya spika tangu jioni, ajihurumie kwanza.

Umri wenyewe huanza kwa kuondoa uwezo wa kusikia sauti nyembamba, kisha ule wa kutenga maneno na kelele. Mzee anachokosa ni mashairi, na hiyo ni hasara ya kweli, kwa kuwa kizazi chake kilifuata beti na kubishana fumbo lilimlenga nani. Kijana maneno anayo tayari kwenye simu. Amekuja kuyaimba mwenyewe na maelfu ya wenzake. Kila mmoja amelipia shughuli yake, na zote mbili ni halali.

Wala kelele si ngeni kwetu. Siku mwali anatolewa unyagoni, anayeongoza vigelegele ni kungwi, mtu mzima. Sindimba ikikolea, mwenye kiuno hodari anaweza kuwa bibi. Bibi na mjukuu ni watani, wanaambizana yale ambayo mama na binti hawawezi. Ndiyo maana mjukuu akienda Nangwanda na bibi yake sioni aibu yoyote, ila naiona kubwa pale kijana asiyemjua bibi huyo anapomrekodi akicheza na kumrusha mitandaoni kama kituko. Akina mama huumia zaidi kwa hili: mwanaume ataitwa mzee kijana, mwanamke ataulizwa wanawe wako wapi.

Suala la mjomba linatatulika: uwanja ni mkubwa, na mjomba mwenye busara hasimami karibu na mpwa wake. Waandaaji ndio wenye kazi iliyobaki. Tangazo likisema saa kumi na mbili jioni, msanii mkubwa asipande saa saba usiku. Spika zisirundikwe mbele ya jukwaa la kukalia. Na viti viwepo kwa bei ya kawaida, maana leo mwenye magoti mabovu akitaka kukaa analazimika kununua tiketi ya VIP.