Giza Halikuiweza: Imani na Maisha ya Madeleine L'Engle

Katika sayari ya Camazotz, watoto hucheza mbele ya nyumba zinazofanana, mipira yao ikigonga ardhi kwa wakati mmoja na kamba zao zikizunguka kwa mapigo yale yale. Mtoto mmoja akishindwa kufuata mapigo hayo, mama yake humvuta ndani haraka kwa hofu, kwa maana ubongo mkubwa uitwao IT, unaoitawala sayari nzima, haukubali mtu awe tofauti na mwenzake. Madeleine L'Engle aliichora jamii hiyo katika A Wrinkle in Time, riwaya iliyotoka mwaka 1962 baada ya kukataliwa na wachapishaji zaidi ya ishirini, na ambayo mwaka uliofuata ilipata Nishani ya Newbery, tuzo kubwa ya fasihi ya watoto nchini Marekani. Hata hivyo, sifa hizo hazikuzima ubishi uliozuka baadaye. Wakristo wahafidhina waliishtaki kwamba inapotosha imani, na wasomaji wasiofuata dini wakalalamika kwamba ina mahubiri mengi mno. Ni jambo la nadra kitabu kimoja kulaumiwa kwa makosa mawili yanayopingana, na ndiyo maana hoja za kila upande zinastahili kusikilizwa kwa makini.

Mwandishi mwenyewe hakuifikia imani yake kwa njia iliyonyooka. Alizaliwa New York mwaka 1918, mtoto pekee wa mwandishi wa habari na mpiga piano. Akiwa bado msichana mdogo alihamishiwa Ulaya pamoja na wazazi wake, akaachwa katika shule ya bweni nchini Uswisi, kisha akarudishwa Marekani kusoma Charleston, South Carolina. Alipohitimu chuo mwaka 1941 alijiunga na tamthilia za New York, na huko, katika mchezo wa Chekhov, akakutana na mwigizaji Hugh Franklin, ambaye alifunga naye ndoa mwaka 1946. Baadaye walihamia shamba la Crosswicks katika kijiji cha Goshen, Connecticut, wakaendesha duka la kijiji, naye akawa anaimba kwaya kanisani huku miswada yake ikirudishwa mmoja baada ya mwingine. Alisimulia kwamba siku alipotimiza miaka 40 alipokea barua nyingine ya kukataliwa, akaifunika taipureta yake akidhamiria kuacha uandishi kabisa, kisha akajikuta kichwani anatunga hadithi kuhusu kushindwa. Mwaka 1959 familia ilifunga safari ya wiki kumi ya kuvuka Marekani, wakilala katika mahema, na walipokuwa wakipita katika jangwa la Arizona majina ya wahusika wake watatu, Mrs Whatsit, Mrs Who na Mrs Which, yakamjia.

Katika miaka hiyo alikuwa akipitia shaka kubwa ya kiroho. Alisimulia kwamba vitabu vya wanateolojia alivyopewa avisome havikumsaidia, na kwamba aliyempa lugha ya kumfikiria Mungu alikuwa Einstein, pamoja na wanafizikia wenzake. Baadaye alikuwa mkutubi wa kujitolea katika Kanisa Kuu la St. John the Divine, la Waanglikana wa New York, kwa miaka mingi. Kwa hiyo hatuzungumzii mwandishi aliyebandika aya mbili tatu za Biblia juu ya hadithi ya sayansi. Fizikia na sala vilimfikia kupitia mlango mmoja.

Tuanze na wahafidhina, ambao malalamiko yao yalikifanya kitabu hiki kiwe miongoni mwa vilivyopingwa mara nyingi katika shule na maktaba za Marekani katika miaka ya 1990. Shtaka lao la kwanza ni uchawi, kwa sababu wale wanawake watatu, wanaowaongoza msichana Meg, ndugu yake mdogo Charles Wallace na rafiki yao Calvin kumtafuta baba yake Meg aliyepotea, hujionyesha kwa sura za ajabu na kuna mhusika anayetazama mambo ya mbali ndani ya tufe la kioo. Shtaka hili naliona jepesi, kwa kuwa hadithi yenyewe inalijibu: Mrs Whatsit alikuwa nyota iliyoutoa uhai wake katika vita dhidi ya giza, na kijana Calvin anapojaribu kueleza wao ni nani, anawaita wajumbe wa Mungu.

Shtaka la pili ni zito zaidi. Watoto wanapoulizwa ni nani duniani aliyepigana na giza, Mrs Who anatamka maneno ya Injili ya Yohana, ambayo msomaji wa Biblia ya Kiswahili anayajua hivi: "Nayo nuru yang'aa gizani, wala giza halikuiweza." Mtoto Charles Wallace anamtaja Yesu mara moja. Kisha wanahimizwa waendelee kutaja, na ndipo wanaongezwa Leonardo, Shakespeare, Bach, Einstein, Gandhi na Buddha. Watetezi wa kitabu husema kwamba Yesu ametajwa kwanza na kwamba wengine wote wanaakisi nuru yake, lakini mpinzani ana haki ya kujibu kwamba kutajwa wa kwanza katika orodha si sawa na kuwa nje ya orodha. Huyo mpinzani hakukosea kuhusu teolojia ya L'Engle. L'Engle hakuamini kwamba Mungu atamwacha kiumbe yeyote katika moto wa milele, na aliandika wazi kwamba upendo wa Mungu utamrudisha kila mmoja hatimaye. Mkristo anayeamini kwamba hukumu ya milele ni fundisho la msingi hawezi kulaumiwa kwa kutambua kwamba anasoma jambo tofauti. Ninapotofautiana naye ni pale anapotoka kwenye kutofautiana na kwenda kukiondoa kitabu katika rafu, kwa maana hapo anawanyima watoto wa wengine nafasi ya kubishana nacho.

Upande wa pili nao una nguvu zake. Wakosoaji hawa wanasema kwamba riwaya ya distopia, yaani ya jamii ya kubuniwa yenye utawala wa kutisha, hupimwa kwa jinsi inavyoeleza namna udikteta unavyojengwa, ilhali hapa udikteta unakabiliwa na neno moja tu, yaani upendo. Mhusika mkuu, Meg, anarudi peke yake mbele ya IT, anampenda waziwazi Charles Wallace, ambaye akili zake zimetekwa na ubongo huo, na mtoto huyo anarudiwa na akili zake. Camazotz yenyewe inabaki kama ilivyokuwa. Yule mtoto wa mpira hatumwoni tena. Hili ni pengo la kweli, na kila ninapokisoma kitabu hiki linaniuma. Aidha, baadhi ya kurasa zilizokatwa kabla ya kuchapishwa, ambazo gazeti la Wall Street Journal lilizitoa mwaka 2015, zinaonyesha kwamba L'Engle alikuwa na uchambuzi wa kisiasa: baba yake Meg anaeleza humo kwamba hata nchi ya kidemokrasia inaweza kuangukia utumwa kwa kupenda mno usalama. Msomaji wa siasa anaweza kusikitika, nami nasikitika naye, kwamba sehemu hiyo haikubaki.

Lakini wanaotaka hadithi ivuliwe imani yake hawajatazama inavyofanya kazi. Filamu ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Ava DuVernay iliacha jina la Yesu na aya za Biblia, ikabakiza upendo. Katika kitabu, kabla Meg hajaenda, Mrs Who anampa maneno ya Paulo kwa Wakorintho, kwamba Mungu aliyachagua mambo mapumbavu ya dunia awaaibishe wenye hekima. Ukiyaondoa, Meg anakuwa msichana mwenye moyo mzuri tu. Yakiwepo, unyonge wake wenyewe ndio unaokuwa silaha, na ndiyo sababu anatumwa yeye na si baba yake mwanasayansi. Vilevile kuna sentensi wanayoiruka wengi: Meg anafikiri kwamba pengine akiweza kuipenda IT yenyewe, itanyauka na kufa, lakini anakiri kwamba hawezi. Hapo wokovu wa Camazotz unaishia kwenye mpaka wa moyo wa mtoto, na imani ya mwandishi katika upendo usiomwacha yeyote inaonekana jinsi ilivyo ngumu kutekelezwa, hata kwa mhusika wake mpendwa.

Suala la maisha yake linahitaji tahadhari zaidi. Mwaka 2004 jarida la The New Yorker lilichapisha makala ndefu ambamo watu wa familia yake walieleza kwamba vitabu vyake vya kumbukumbu vilipamba mambo, na kwamba waliumizwa kujikuta wamegeuzwa wahusika. L'Engle alikuwa akitofautisha daima kati ya ukweli na taarifa, akisema hadithi inaweza kubeba ukweli ambao taarifa haziwezi kuubeba. Kwa riwaya, nakubaliana naye. Kwa kitabu kinachouzwa kama kumbukumbu za maisha nakubaliana na familia, kwa kuwa msomaji anayekinunua anaamini ameambiwa yaliyotokea.

Kuna tukio moja la maisha yake, hata hivyo, linaloeleza hadithi yake bila kupambwa. Mwaka 1936, akiwa mwanafunzi Charleston, aliletewa habari kwamba baba yake alikuwa mahututi Jacksonville, Florida. Alisafiri kwenda huko, akafika baba ameshafariki. Robo karne baadaye aliandika kuhusu msichana anayevuka anga kumtafuta baba aliyepotea, akamkuta yu hai, kisha akamkasirikia kwa sababu baba huyo, licha ya elimu yake yote, hakuweza kuliondoa giza kwa niaba yake.