Ekinasia kwa mafua: imfae nani, nani aiache

Mtu wa Tanga akishikwa na mafua wakati wa masika, dawa yake ya kwanza iko jikoni: tangawizi, mchaichai, ndimu, asali, na kwa wengine habasoda. Ekinasia ni mgeni. Huja kwenye begi la ndugu anayetoka ughaibuni au huagizwa mtandaoni, na kichupani huandikwa kwamba inaongeza kinga ya mwili. Maneno hayo matatu, kinga ya mwili, ndiyo yanayouza, na ndiyo yanayostahili kupimwa kwanza.

Mmea wenyewe ni wa Amerika ya Kaskazini, ukoo mmoja na alizeti. Wenyeji wa nyanda za huko waliutumia kwa maumivu ya meno, koo na majeraha ya nyoka. Miaka ya 1930 Mjerumani Gerhard Madaus alifuata mbegu Marekani, na aina aliyorudi nayo, Echinacea purpurea, ndiyo iliyoenea zaidi katika dawa za Ulaya. Nyingine mbili zinazotumika ni angustifolia na pallida.

Ubishi mwingi kuhusu ekinasia unatokana na jina moja kubeba vitu tofauti. Kuna juisi iliyokamuliwa kwenye majani na maua mabichi, kuna mzizi uliolowekwa kwenye pombe, kuna unga mkavu wa vidonge na kuna majani ya chai. Alkamaidi, kemikali zinazofanya ulimi uwashe na kufa ganzi, huyeyuka vizuri kwenye pombe na vibaya kwenye maji. Kwa hiyo chai ya mzizi huzitoa kidogo tu. Asidi ya chikoriki, kemikali nyingine ya mmea huu, nayo huharibiwa na vimeng'enya vya mmea wenyewe ukishakamuliwa, kama mtengenezaji hakuvizuia mapema. Kulinganisha bidhaa hizi ni kama kulinganisha dafu na mafuta ya nazi kwa sababu mti ni mmoja.

Ndiyo maana tafiti zinapingana. Mwaka 2007 jarida la Lancet Infectious Diseases lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti 14, ukaonyesha kwamba uwezekano wa kupata mafua ulipungua kwa asilimia 58 na ugonjwa ulifupika kwa siku 1.4. Wanaoitetea hunukuu namba hizo. Lakini miaka 2 kabla, watu wazima wenye afya walipewa mzizi wa angustifolia kisha wakaambukizwa virusi vya mafua kwa makusudi, na haikuonekana tofauti ya maana. Mwaka 2010 utafiti wa watu 719 Marekani ulipata nafuu ya takriban nusu siku, ambayo huenda ni bahati tu. Mapitio ya 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, yenye majaribio 24, yalihitimisha kwamba baadhi ya bidhaa huenda zina faida ndogo. Kwa uzito wa ushahidi huo, ekinasia nzuri kwa mtu mzima mwenye afya inaweza kumpunguzia mafua kidogo. Anayeahidi zaidi ya hapo anapita mpaka.

Anayetaka kuijaribu asome lebo: aina ya mmea, sehemu iliyotumika na namna ilivyoandaliwa. Kichupa kisichotaja hayo hakifai kununuliwa. Juisi ya purpurea hunywewa mililita 6 hadi 9 kwa siku, zikigawanywa mara kadhaa, kuanzia dalili za kwanza, na isizidi siku 10. Wengi hukosea hapo: huanza siku ya nne mafua yanapokaribia kuisha, au hunywa miezi mfululizo "kujikinga". Joto la pwani nalo hupunguza alkamaidi, hivyo kichupa kikae mahali pa baridi na giza. Asiyetumia pombe aulize kwanza, kwa kuwa dondoo nyingi za maji maji zina pombe.

Watoto wa chini ya miaka 12 wasipewe. Utafiti wa 2003 kwa watoto 407 haukuona nafuu, ila vipele vilitokea katika asilimia 7.1 ya vipindi vya ugonjwa kwa waliopewa ekinasia, dhidi ya 2.7 kwa wengine. Mwenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti aiache pia.

Linalonisumbua zaidi ni wenye kifua kikuu, VVU au magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe. Hao ndio wanaovutwa zaidi na neno kinga, na ndio ambao mamlaka ya dawa ya Ulaya inashauri wasiitumie. Ni kweli tafiti ndogo hazikuona ikivuruga baadhi ya ARV, lakini hilo halitoshi kuwa ruhusa. Tanga ina mfano wa kufuata: tangu miaka ya 1990 shirika la kupambana na UKIMWI la Tanga AIDS Working Group liliwakutanisha waganga wa jadi na wahudumu wa hospitali. Mgonjwa aliyezoea kutaja kila anachokunywa, cha miti shamba au cha dukani, hulindwa vizuri zaidi.

Na homa ya pwani haiponywi kwa kubahatisha. Joto likipanda, kipimo cha malaria kitangulie kichupa. Kikohozi kikifika wiki mbili, makohozi yapelekwe kituo cha afya, ambako kipimo cha kifua kikuu ni bure.