Nywele za Akika

Chuo kimoja cha Dar es Salaam kilinipa kazi ya kuchora hatua za ukuaji wa kiinitete cha chura wa jamii ya Xenopus, kwa matumizi ya watafiti na mabango ya kufundishia. Mwongozo wetu ulikuwa jedwali la Nieuwkoop na Faber la mwaka 1956, lenye hatua 66 tangu yai linapotungishwa hadi mkia wa chura mchanga unapokwisha kabisa. Hatua za mwanzo hazikunisumbua. Balaa lilianzia hatua ya 11, kwa sababu kinachotakiwa kuchorwa hapo, yaani kitundu cha mviringo kilichozibwa na kiini cheupe, kimekaa upande wa chini, na kiinitete chenyewe, ambacho upana wake ni milimita 1 na kidogo, ni kibishi kupita kiasi: ukikipindua, hujigeuza taratibu ndani ya utando wake mpaka upande mweusi urudi juu, kwa kuwa upande wenye kiini ndio mzito.

Dawa yake ni kukishikilia kwa kitanzi cha unywele kilichogandishwa kwa nta kwenye ncha ya pipeti, na unywele unaofaa zaidi ni wa mtoto mchanga. Hata Hans Spemann, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1935, aliyabana mayai ya salamanda kwa unywele wa mtoto. Zangu mimi ni za kipilipili, na profesa ana upara.

Kwa bahati dada yangu wa Tanga alikuwa amejifungua, nikaiwahi akika. Mtoto alipokwisha kunyolewa, nilimsogelea bibi kwa adabu zote nikamwomba nywele chache.

"Za nini, mjukuu wangu?"

"Za kazi, bibi. Kuna vyura ambao…"

Sikumaliza. Shangazi aliifunika sahani ya nywele kwa upindo wa kanga, na mzee aliyekuwa akichuna mbuzi alisimama, kisu mkononi, kusubiri ufafanuzi. Kila nilipozidi kueleza nilizidi kuharibu, hasa nilipotaja kwamba kazi yenyewe hufanyika usiku.

Baada ya kikao kirefu nilipewa nywele mbili, kwa sharti kwamba bibi afuatane nazo na arudi nazo. Ndivyo alivyojikuta maabara, tasbihi mkononi, akinikodolea macho nilivyokuwa nikikigeuza kiinitete. Kilipotulia nilimkaribisha kwenye hadubini, akachungulia kwa muda mrefu.

"Na hiki kitundu ni cha nini?"

Kwa chura, kitundu hicho ndicho kinachokuja kuwa njia ya haja kubwa, na bibi yangu hadanganywi, basi nikamweleza hivyo hivyo.

Aliinua kichwa, akanitazama mimi, kisha akamgeukia profesa. "Yaani nywele za akika za kitukuu wangu mmezileta huku kumfunulia chura makalio?"

Profesa akaanza kuitafuta nta, ambayo ilikuwa mbele yake.