Wa kuanzia au wa kuokoa?

Kinachoudhi kwa Wamarekani ni kwamba huwezi kubishana nao kwa raha. Unasema kwa moyo mweupe kabisa kwamba kwenye futiboli yao ya Kimarekani Devin Hester ndiye mrudisha mpira bora kuliko wote waliowahi kuvaa helmeti, na badala ya kukwambia "acha uongo wewe" kama binadamu wengine, mtu anakuuliza: wa kuanzia au wa kuokoa? Ukichagua, anauliza tena: kwa wastani au kwa tachidauni? Kabla ya 2011 au baada? Ubishi haujaiva, tayari umeshakatwa vipande kama nyama ya buchani.

Wakuu, kwa ambao huu mchezo mnaupita tu kwenye televisheni mkitafuta mechi ya ukweli: mpira wa kuanzia unapigwa ukiwa umewekwa chini kwenye kishikilio, mwanzo wa kila kipindi na baada ya kila bao. Wa kuokoa unaachiwa kutoka mkononi na kupigwa kabla haujagusa chini, kama golikipa anavyoutoa, timu ikikwama na kuona heri mpinzani akaanzie mbali. Upande wa pili kuna mtu mmoja anausubiri. Kazi yake ni kuudaka na kukimbia nao huku watu 11 wakija kumvunja. Akiufikisha ng'ambo ya mstari wa bao wa wapinzani, hiyo ndiyo tachidauni.

Sasa hesabu. Hester ana tachidauni 14 za mipira ya kuokoa, na hakuna aliyemfikia. Anayemfuata ni Eric Metcalf mwenye 10. Ana 5 za mipira ya kuanzia, na moja ya yadi 108 aliyoitoa kwenye mkwaju wa goli uliopungukiwa nguvu, dhidi ya New York Giants mwaka 2006. Jumla 20. Kwa mipira ya kuanzia peke yake mfalme ni Cordarrelle Patterson, tachidauni 9, ya mwisho ikiwa ya yadi 103 mwaka 2022. Kwa wastani mzee Gale Sayers anawatazama wote kutoka juu: mara 91 alizorudisha mpira wa kuanzia kati ya 1965 na 1971 zilimpa yadi 2,781, yaani 30.56 kila alipoushika. Hakuna aliyebisha hizo namba. Kinachobishaniwa ni maana yake, na ndipo wivu unaponishika.

Maana sisi tunabisha namba zenyewe. Niambieni, mabao 26 ya msimu mmoja ya Mmachinga, mshambuliaji wa zamani wa Yanga, yale yanayofukuliwa kila mshambuliaji wa ligi anapokaribia 20: mangapi yalikuwa ya kichwa? Ya penalti? Yalitokana na pasi za nani? Kibadeni alimfunga mtani mabao matatu siku moja mwaka 1977, Simba 6, Yanga 0, na kila mzee wa Msimbazi anaimba hilo kama dua. Haya, alipiga mashuti mangapi ndiyo akapata matatu? Yanga wa siku ile walipoteza mipira mingapi katikati? Utaletewa majibu, tena kwa sauti kubwa, na hakuna mawili yatakayofanana. Ushahidi ni mmoja tu: "Nilikuwepo."

Najua mnachoandika hapo chini. "Huyu kapanda ndege juzi, leo anatufundisha mpira." Sikufundishi, kaka. Mtu akitoka kwa jirani akasema jirani anachemsha maji ya kunywa, hajasema mama yake mchafu. Na wale wa "huo si mpira, wanashika kwa mikono", nawajibu kwamba sehemu ninayoizungumzia ndiyo pekee ambayo mguu unaheshimiwa. Tena hata hapo walifundishwa. Zamani walipiga kwa ncha ya kiatu, wakiufuata mpira moja kwa moja kama mtu anayepiga kopo. Mwaka 1964 akatokea Pete Gogolak, mzaliwa wa Hungaria, akapiga kwa upande wa mguu vile sisi tunavyopiga kona tangu utotoni. Leo hakuna anayepiga kwa ncha.

Na hilo linaingia moja kwa moja kwenye hesabu za Sayers. Wakati wake mpira wa kuanzia ulipigwa kutoka mstari wa yadi 40 (yadi zinahesabiwa kutoka mstari wa bao wa timu yenyewe), karibu zaidi na mrudishaji, lakini kwa miguu ile ya ncha. Mwaka 1974 wakarudisha nyuma hadi 35. Mwaka 1994 wakarudisha hadi 30. Mwaka 2011, kwa hofu ya majeruhi, wakasogeza tena hadi 35, na hapo wapigaji wa kisasa wakawa wanautupa mpira nyuma kabisa ya mstari wa bao: mrudishaji anapiga goti, mpira umekufa, timu inaanzia yadi 20. Kuanzia 2016 ikawa 25. Fainali ya Februari 2024 ilikwisha bila mpira hata mmoja wa kuanzia kurudishwa. Patterson aliingia ligi mwaka 2013, katikati ya ukame huo. Kwa hiyo 9 zake si sawa na 9 za enzi nyingine. Ni za mtu aliyelima mbuga isiyo na mvua. Hivi ndivyo wanavyobishana. Mtu anashusha namba, mwingine anamwekea mwaka na kanuni ya mwaka huo, wa tatu anatoa kilichobaki. Dakika 20 baadaye mko mahali ambapo hamkuwapo mwanzo. Kijiwe chetu kikifungwa saa nne usiku, kesho kinafunguliwa palepale, kahawa ileile, na mtu yuleyule anasema Utopolo hawajui mpira, Makolo wanabebwa.

Lakini subirini, msije mkadhani nimehama moyo. Mnyang'anye Mmarekani simu uone. Kimya. Wazee wetu wanakupangia kikosi cha mwaka 1975 kuanzia kipa hadi winga wa kushoto, na nani aliingia baada ya nani kuumia, bila karatasi. Na ukiutazama mchezo wenyewe kwa macho, utagundua jedwali lao linaacha mengi.

Chukua mpira wa kuokoa. Mpigaji mzuri anautafutia yadi 45 na sekunde 4.5 hewani. Wale wawili wa pembeni kabisa wa timu inayopiga ndio pekee wanaoruhusiwa kuchomoka kabla mpira haujapigwa. Wengine wanasubiri mguu uguse. Mrudishaji anatakiwa kusoma ncha ya mpira, maana mpira wenyewe ni yai: ncha ya mbele ikipinduka ikaelekea chini, utaendelea mbali, arudi nyuma, ikibaki imetazama juu, utashuka mfupi, akimbilie mbele. Mpigaji wa mguu wa kushoto anauzungusha kinyume, na mpira unakwenda upande ambao jicho halikuzoea. Visigino vinawekwa kwenye yadi ya 10, na kanuni ya makocha wengi ni kwamba ukipita juu ya kichwa chako, uache, usirudi nyuma kuutafuta, kwa sababu huenda utaingia eneo la bao wenyewe ukafa. Yote hayo ameinua uso mbinguni, hawaoni wanaokuja. Ana sekunde moja ya kuamua: apunge mkono juu, maana yake naudaka na sitakimbia, msiniguse, au audake akimbie. Wengi huharibikiwa kwa jambo dogo tu: jicho linaondoka kwenye mpira kutazama hatari kabla mikono haijafunga. Mpira unagonga kifua, unaanguka, adui anaulalia.

Hester mwenyewe aliangusha mipira, tusidanganyane. Ila alipoushika, hakucheza ngoma. Wanaoharibu hukimbia kwenda pembeni wakitafuta uwazi, na timu inayokaba inapenda hivyo, kwa sababu kila mmoja analinda njia yake na wa ukingoni kazi yake ni kukurudisha ndani kwa wenzake. Anayejua huenda mbele kwanza, hatua tatu nne za kuwashikisha wakabaji breki, halafu chenga moja, moja tu, anapasua na kuchanja mbuga. Oktoba 2006 pale Arizona, timu yake Chicago Bears ikiwa imelala 20–0 hadi mapumziko, alirudisha mpira wa kuokoa yadi 83 na timu ikashinda 24–23 bila washambuliaji wake kufunga tachidauni hata moja. Februari 2007, fainali ya Super Bowl, mvua inanyesha, mpira wa kwanza kabisa wa mechi ukamkuta: yadi 92, sekunde 14, bao. Bears walifungwa 29–17, ndiyo. Lakini baada ya ule mpira wa kwanza wapinzani wao, Colts, walianza kupiga vifupi vya kubingirika, ilimradi visimfikie.

Na hapo ndipo namba zao zinapokosa ulimi. Kwa miaka kadhaa timu zilimkwepa. Zilipiga mpira wa kuokoa nje ya uwanja makusudi, zikipoteza yadi zao wenyewe. Mpira wa kuanzia ukitoka nje, Bears wanaanzia yadi 40, zawadi nono kabisa. Zawadi hizo zote kwenye safu ya Hester zimeandikwa sifuri, kwa sababu hakugusa mpira. Denver Broncos ndio waliojitia ushujaa Novemba 2007, wakampigia. Akarudisha mmoja wa kuokoa yadi 75 na mmoja wa kuanzia yadi 88, vyote tachidauni, Bears 37, Broncos 34 katika muda wa nyongeza. Hofu haina safu kwenye jedwali. Ipo kwa mashahidi, na shahidi anasemaje? "Nilikuwepo." Naona mnacheka. Chekeni, hilo nimelikubali mwenyewe.

Hata wateuzi wa Ukumbi wa Mashujaa walikwama hapo. Hester alianza kustahili kujadiliwa 2022, wakamwacha, 2023, wakamwacha, wakamwingiza 2024, wa kwanza kuingia kwa kazi hasa ya kurudisha mpira. Hoja ya waliosita ilikuwa kwamba mtu anayegusa mpira mara chache kwa mechi hawezi kukaa meza moja na anayecheza saa nzima. Hoja ya kipuuzi, kama kusema mpiga penalti wa dakika ya 90 hana kazi.

Kuna mmoja atasema namwonea Sayers kwa kuwa ni wa zamani. La. Sayers alikuwa kwanza mkimbiza mpira timu yake ikishambulia, mpira wa kuanzia ulikuwa kazi ya ziada, na 30.56 ile imepigwa mara 91 tu kwa sababu magoti yalimkatisha. Patterson amerudisha zaidi ya mara 250 na wastani wake haukufika 30, lakini kushikilia hapo kwa mara zote hizo ni kazi nyingine kabisa. Ile yadi 109 yake ya mwaka 2013 dhidi ya Green Bay haiwezi kupitwa na mtu yeyote: uwanja ni yadi 100, eneo la bao lina 10, na ukikanyaga mstari wa nyuma mpira umekufa. Kufikiwa kunawezekana, kuzidiwa hapana. Kwa hiyo mkinibana: mpira wa kuokoa, Hester, na mjadala ufungwe. Wa kuanzia, Patterson. Sayers nampa heshima ya mzee, aanze kula.

Kinachokuja kitavuruga zaidi. Tangu 2024 mpigaji anabaki yadi 35 peke yake, wenzake 10 wanapangwa mbele kwenye yadi 40 ya mpinzani, wazuiaji wako hatua chache mbele yao, na wote hao hawaruhusiwi kusogea mpaka mpira uguse chini au uguse mtu kwenye eneo la kutua, kati ya mstari wa bao na yadi 20, au kwenye eneo la bao. Ukitua kabla ya eneo la kutua, adhabu, yadi 40. Ukifia moja kwa moja eneo la bao, walianzia 30, na 2025 wakafanya 35 ili wapigaji waache uvivu. Marudisho yakaongezeka. KaVontae Turpin wa Dallas akang'aa humo. Mbio ndefu za kukutana kwa kishindo zimekwisha, ni mchezo mwingine, na wastani wa leo hauwezi kuwekwa kando ya ule wa Sayers bila nyota ya maelezo. Wataiweka hiyo nyota, nawajua.

Sasa, nyie mnaosema vifaa hatuna, kamera hatuna, kompyuta hatuna. Sayers alihesabiwa na watu wenye kalamu. Daftari la kurasa 96 linatosha msimu mzima wa ligi. Mtu mmoja kwa mechi, safu nne: dakika, nani alitoa pasi, mguu gani au kichwa, bao lilipigwa kutoka wapi. Andika palepale, si ukifika nyumbani, maana njiani kuna vijiwe. Mechi ya watani wapelekeni wawili, mmoja wa Msimbazi na mmoja wa Jangwani, wakae viti vya jirani, na kila bao likiingia wasaini wote wawili.

Najua wa pili atagoma kusaini. Mwandikieni hivyohivyo: amegoma, dakika ya ngapi.