Kujumlisha si kuongeza: alama za hesabu kwenye klasi zetu

Mstari huu wa Java, lugha ya programu, una kosa, na kosa lenyewe halipigi kelele:

deni.add(riba);

Kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo kwa ajili ya kompyuta, inaupokea, programu inakwenda, na deni linabaki vilevile lilivyokuwa. BigDecimal, klasi (yaani aina ya kitu iliyobuniwa ndani ya programu) ambayo Java huitegemea kwa hesabu za fedha, hutoa namba isiyobadilika ikishaundwa. Methodi yake ya add, yaani kazi inayoitwa kwa jina hilo, hutengeneza namba mpya na kuirudisha, na hapa hakuna aliyeipokea. Ilitakiwa iandikwe deni = deni.add(riba). Vipo vikaguzi vya msimbo vinavyolinasa kosa hili, kama umekumbuka kuviwasha.

Naanzia hapo kwa sababu mabishano kuhusu alama za hesabu kwenye klasi huendeshwa kana kwamba upande mmoja unatetea usalama na mwingine unatetea urembo. Swali ni hili: je, lugha ya programu imruhusu mwandishi aamue +, -, * na / zifanye nini kwenye klasi aliyoibuni mwenyewe? C++, Python, C#, Kotlin na Rust zinasema ndiyo. Java na Go zinasema hapana. James Gosling, aliyeibuni Java, alieleza kwamba aliiacha ruhusa hiyo nje kwa hiari yake baada ya kuona watu wengi mno wakiitumia vibaya kwenye C++.

Hofu hiyo si ya bure. Katika C++ alama ya << ilikuwa ya kusogeza biti kushoto, kisha maktaba rasmi yenyewe ikaifanya pia ya kuchapisha maandishi. Mlango ukishafunguliwa na mwenye nyumba, wageni hawaulizi. Tena alama haitafutiki: methodi yenye jina utaitafuta kwenye mafaili elfu moja na kuipata, lakini jaribu kutafuta +. Alama pia huficha gharama, maana a * b ya namba mbili na a * b ya matriki (majedwali ya namba) mbili za safu elfu moja zinafanana machoni, ilhali moja inaweza kuwa na hesabu bilioni moja ndani yake. Na Python ina mtego unaowanasa hata wazoefu: orodha = orodha + nyingine huunda orodha mpya, ila orodha += nyingine huibadilisha ile ya zamani, pamoja na kila jina lingine linaloielekea.

Haya yote nayakubali. Ninachokataa ni dhana inayobebwa nyuma yake, kwamba jina la methodi ni wazi na alama ni fumbo.

Turudi kwenye add. Katika Java hiyohiyo, orodha.add(kitu) huibadilisha orodha papo hapo. Lakini deni.add(riba) haibadilishi deni. Neno ni moja na tabia ni mbili zinazopingana. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati ya kuona kasoro hii haraka, kwa sababu lugha yetu inayatenganisha mambo hayo. Ukiambiwa uongeze chumvi kwenye mboga, mboga inabadilika; haitarudi ilivyokuwa. Ukiambiwa ujumlishe mbili na tatu, mbili inabaki mbili, na unachotakiwa kutoa ni jibu. Orodha inaongezewa. Namba zinajumlishwa. Waliotaja methodi hizi walikuwa na neno moja kwa vyote viwili, na mwanafunzi anayejifunza orodha wiki hii na BigDecimal wiki ijayo ndiye anayelipa.

Alama ya + haina utata huo. Hakuna aliyetoka shule ya msingi akidhani kwamba 2 + 3 huigeuza mbili. Na ukiandika deni + riba; peke yake kwenye mstari wa Java, kwa namba za kawaida, kompaila inakataa palepale: hiyo si amri, ni hesabu isiyokuwa na pa kwenda. Yaani ulinzi tunaouhitaji kwenye fedha upo tayari ndani ya lugha, ila umefungiwa kwenye namba ambazo hazifai kuhifadhia fedha. Ukijumlisha 0.1 na 0.2 kwa aina ya double, namba za kawaida za Java zenye desimali, unapata 0.30000000000000004. Kinachofaa kwa fedha kimenyimwa alama, na kisichofaa kimepewa. Halafu tunashangaa kwa nini watu huchukua double.

Kanuni nayo inapotea. Mhasibu anaweza kuangalia mtaji + mtaji * riba * miaka na kukuambia umekosea. Mpe mtaji.add(mtaji.multiply(riba).multiply(miaka)) uone. Msimbo wa fedha unahitaji macho ya watu wasioandika msimbo, na mabano yale yanawafukuza.

Lakini hoja ninayoithamini zaidi haisemwi mara nyingi: uwezo wa kufafanua alama ni uwezo wa kukataa. Katika Python, ukitoa tarehe kwa tarehe unapata muda uliopita. Ukijumlisha tarehe na tarehe unapata kosa, kwa sababu Jumatatu kujumlisha Ijumaa si kitu. Klasi imeamua hesabu gani zina maana. Sasa tazama Go, inayojivunia unyenyekevu wake. Aina yake ya muda, Duration, ni namba nzima ya biti 64 inayohesabu nanosekunde, kwa hiyo inarithi kila alama ya namba, upende usipende. Sekunde mara sekunde inapita kwenye kompaila bila neno. Jibu ni nanosekunde bilioni mara bilioni, takriban miaka 31 na miezi minane. Ukiambia programu ilale kwa muda huo, italala. Huwezi kuiondoa alama ya kuzidisha. Ukiifunika namba ndani ya struct, kifurushi cha data, ili kuikwepa, unapoteza na ile ya kujumlisha uliyoihitaji.

Chukua klasi ya fedha ya kampuni yenye wateja Nairobi na Dar es Salaam. Shilingi ya Kenya kujumlisha shilingi ya Kenya, sawa. Shilingi ya Kenya kujumlisha shilingi ya Tanzania, ikatae, jina lisikudanganye. Shilingi mara asilimia, sawa. Shilingi mara shilingi, ikatae. Ni mistari michache, na baada ya hapo hakuna anayeweza kukosea kimyakimya.

Kugawanya ndiko kunakonipunguzia sauti. Kumi kwa tatu haiishi, na kwenye fedha lazima useme unakata wapi na kwa kanuni gani. BigDecimal, usipoitajia, hutupa kosa, na methodi yake ya divide ina nafasi ya kuitaja. Alama ya / haina nafasi hiyo. Decimal, klasi ya Python ya kazi hiyohiyo, huificha kanuni kwenye mpangilio wa pembeni, tarakimu 28 kwa kawaida, na kitu kilichofichwa pembeni ndicho hasa wapinzani wanachokilalamikia. Hapo wana haki, na kwenye klasi ya fedha ningeiacha / bila maana kabisa, mtu alazimike kuandika gawa na kusema anakataje.

Vivyo hivyo pale ambapo alama moja ina maana mbili zenye heshima. Waandishi wa NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, waliipa * kazi ya kuzidisha kipengele kwa kipengele, wakati wanahisabati wa matriki waliitaka iwe yao. Mzozo ulikwisha pale Python 3.5, mwaka 2015, ilipowapa matriki alama mpya, @. Vekta hazikupata bahati hiyo: zina kuzidisha kwa aina mbili, moja hutoa namba na nyingine hutoa vekta. Huko mimi mwenyewe bado naandika majina.