TV Mpya na Mlango wa Stoo

Watu wakienda kununua televisheni huulizana habari za picha. Picha inang'aa vipi, picha ina rangi ngapi, picha ni 4K au siyo. Sijawahi kusikia mtu akiuliza miguu.

Sisi tulikuwa na TV ya kichogo, inchi 21, iliyokufa usiku mmoja katikati ya taarifa ya habari. Picha ilijibana ikawa mstari mweupe, mstari ukawa nukta, nukta ikazimika. Bibi yangu, ambaye tunaishi naye, aliinuka akaizaba makofi ya kichogoni, dawa ambayo ilikuwa ikiiponya miaka nenda miaka rudi. Safari hii haikuitika.

Haijapoa bado, shemeji huyo mlangoni. Mpaka leo sijui nani alimpigia simu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anajua kila kitu kinachotumia umeme isipokuwa namna ya kukitengeneza.

"Shem, usije ukachukua LED. Chukua OLED," akasema kabla hajakaa.

"Zina tofauti gani?"

"LED ina taa nyuma ya kioo. OLED kila nukta inajiwakia yenyewe, na ikitakiwa kuzima inazima kabisa. Yaani nyeusi yake ni nyeusi kweli kweli."

Hapo alisema kweli, nampa haki yake. Lakini bibi, aliyekuwa amejilaza pembeni akijifanya hasikii, akafumbua jicho moja. "Kwa hiyo tuongeze pesa ili tuone giza vizuri?"

OLED ikaishia hapo.

Ukafuata mjadala wa ukubwa, na huo ulichukua muda kuliko ninavyopenda kukumbuka. Shemeji alitaka inchi 65. Mke wangu alitaka 43, maana sebule ni ile ile na haijaongezeka. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba mtu akae mbali na skrini kiasi cha mara moja na nusu ya ukubwa wake, ule unaopimwa kutoka kona hadi kona. Kutoka kochi letu hadi ukutani ni mita mbili na kitu. Nikapiga hesabu, ikaja inchi 55.

"Kwa nini wanapima mshazari?" bibi akauliza. "Kitanda hakipimwi hivyo."

Sikuwa na jibu. Nikachukua futi na selotepu, nikachora TV yenyewe ukutani: sentimita 122 kwa upana, 68 na nusu kwa kimo. Upande mmoja dirisha, upande mwingine kona ya ukuta, katikati inaingia vizuri na nafasi inabaki. Nikapima tena nisije nikasemwa.

Mke wangu akaja akasimama, mikono kiunoni. "Baba Zuhura, hiyo ni TV au geti?"

Selotepu ikabaki pale ukutani siku kadhaa ili tuizoee. Jioni ya kwanza nikamkuta bibi amekaa kochini ameielekea. Nikamuuliza anaangalia nini. "Hamna kitu leo," akasema.

Dukani tulikwenda ukoo mzima. Ukuta wote umejaa TV, kubwa kwa ndogo, na zote zinaonyesha kinyonga mmoja yule yule akitembea juu ya jani lenye umande. Kinyonga ana rangi ambazo hata yeye mwenyewe nadhani hajawahi kuzifikiria. Kijana wa dukani akamwamkia bibi shikamoo, akamletea kiti, kisha akaanza: pikseli 3,840 kwa 2,160, jumla zaidi ya milioni 8, mara nne ya Full HD. Alisema kwa pumzi moja. Shemeji alikuwa anaitikia kwa kichwa kila namba, kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi akihesabu.

"Hezi ngapi?" shemeji akauliza.

"Sitini, kaka."

Shemeji akanitazama kwa masikitiko. Nikamnong'oneza, hezi ni nini? Akaninong'oneza, "Ni hezi, shem," na tukaendelea. (Ni mara ngapi kioo kinabadilisha picha kwa sekunde moja. Nilikuja kusoma mwenyewe baadaye.)

Bibi alikuwa bado na kinyonga. "Mwanangu, huyu mdudu ndiyo tutakuwa naye kila siku?"

"Hapana bibi, hii ni video ya maonyesho tu."

"Basi tuwekee tutakachoangalia. Weka habari."

Kijana akacheka kidogo. Bibi hakucheka. Ikabidi kijana atafute rimoti, ahangaike na waya nyuma ya TV, mpaka akapata kituo. Mtangazaji akatokea mkubwa, uso umejaa ukungu, tai yake inatambaa pembeni vimraba vimraba. Ndipo kijana akaeleza kwa sauti ya chini kwamba vituo vingi havirushi picha ya 4K, kwa hiyo TV inachukua picha ndogo na kuikuza ijaze kioo.

Bibi akamtazama mtangazaji kwa muda. "Rudisha kinyonga," akasema.

Tukachukua inchi 55, LED. Kijana akatuonya boksi lisilazwe njiani, libebwe wima, kioo kisije kikapasuka. Gari la shemeji halikuwa na wima hiyo. Tukakodi pikapu, nikapanda nyuma, nikalikumbatia boksi hadi nyumbani huku watu wa barabarani wakinipungia mkono.

Sasa njoo kwenye miguu.

TV za zamani zilikuwa zinakalia tumbo lao. Hii yetu ilikuja na miguu miwili myembamba ndani ya mfuko wa plastiki, na matundu ya kuifungia yapo huku mwisho kabisa, mmoja karibu na kona ya kushoto, mwingine karibu na kona ya kulia. Kutoka mguu hadi mguu ni zaidi ya mita moja. Meza yetu, iliyobeba kile kichogo kwa uaminifu wote, ina sentimita 80.

Hilo tulilijua tukiwa tumeshaiinua. Mimi huku, shemeji kule.

"Shusha taratibu," nikasema.

"Nishushe wapi? Huku hamna meza."

"Sogea kushoto."

"Nikisogea mimi, wewe utakuwa nje."

Tukasogea. Mguu wake ukakaa mezani, wangu ukaning'inia hewani. Tukasogea tena, wangu ukakaa, wake ukaning'inia. Mke wangu alikuwa amesimama mbele yetu ameshika karatasi ya maelekezo, na alikuwa anatutazama sisi, karatasi haitazami.

"Baba Zuhura, si ulipima?"

"Nilipima TV."

"Na meza?"

"Meza naijua."

Na nasimamia jibu langu. Meza ile nimeishi nayo miaka. Tatizo halikuwa meza. Kule dukani TV zote zilikuwa zimetundikwa ukutani, hakuna hata moja iliyosimama kwa miguu yake. Ungejuaje?

Tukaishusha sakafuni, ikasimama yenyewe vizuri kabisa. Shemeji akaichomeka kwenye umeme "tuone kama inawaka kwanza," akampa bibi rimoti aishike, tukarudi kwenye kikao.

Shemeji alikuwa na bano la ukutani nyumbani kwake. Akalifuata. Kumbe nyuma ya TV kuna matundu manne ya skrubu, na umbali wake una vipimo maalumu. Yetu milimita 300 kwa 200. Bano lake 200 kwa 200. Ukiliweka, matundu ya upande mmoja yanakubali, ya upande wa pili hayana habari.

"Tuifunge kwa hayo mawili," shemeji akasema. "Si nzito."

Mke wangu hakusema neno. Alilichukua lile bano mkononi mwake taratibu, akaenda kulitupa uvunguni mwa kitanda.

Tukajaribu meza ya kupigia pasi. Ilikuwa na urefu tuliokuwa tunautafuta, lakini ukiigusa inatetemeka kuanzia juu hadi chini, na ina tabia ya kujikunja bila taarifa. Tukaiondoa.

Wazo la mlango lilitoka kwa bibi. Alikuwa amevaa miwani, rimoti mkononi, hata hakugeuka kututazama. "Ule mlango wa stoo haufungi siku zote. Kazi yake nini?"

Nikachukua bisibisi, tukafungua bawaba. Mlango tukaulaza juu ya meza, ukapita chini ya dirisha, ukatokeza kushoto na kulia. Ili usibinuke tukaweka stuli kila mwisho, na chini ya stuli moja vitabu vya shule vya Zuhura, maana sakafu yetu ina maoni yake. Mke wangu akatandika kitambaa. TV ikapanda, miguu yote miwili ikakanyaga. Kitu pekee kilichobaki kinaonekana ni kitasa, ambacho kimejitokeza mbele, upande wa kulia. Mgeni akija lazima akizungushe kidogo. Sijui ni kitu gani katika binadamu.

Usiku tukakaa kuangalia habari.

Mtangazaji alikuwa na rangi ya chungwa. Simaanishi amenawiri. Macho yake yalikuwa na chungwa, meno yana chungwa, na nyuma yake bahari ilikuwa na bluu ya kalamu.

"Huyu mtoto ana manjano," bibi akasema. "Na wamemleta kazini hivyo hivyo."

Nikachukua rimoti, nikaingia kwenye mipangilio, nikapunguza mwanga, nikapunguza rangi. Mtangazaji akapona. Tukashusha pumzi. Baada ya dakika chache, bila mtu kugusa kitu, akaugua tena. Na safari hii juu ya skrini ukapita utepe mweusi wenye maandishi meupe: RANGI ZAIDI YA BILIONI 1! Nikapunguza tena. Ikapandisha tena. Utepe ukarudi: SAUTI YA SINEMA! Sauti yenyewe ilikuwa inatokea chini ya TV, inagonga ubao wa mlango, na kila mtangazaji akitamka herufi B kitasa kinalia.

Shemeji akapima kwa macho, akatoa hukumu: "Imeingiliwa. Hii ni virusi. Zimeni intaneti."

Intaneti ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Bando lilikuwa limekwisha.

Asubuhi nikampigia kijana wa dukani. Nikamweleza rangi, nikamweleza utepe, nikamweleza jinsi inavyojirudishia yenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mlipoiwasha mara ya kwanza, mlichagua matumizi gani?"

"Matumizi?"

"Huwa inauliza. Nyumbani au dukani."

Nikaweka simu kwenye spika, nikageuka. Mimi nilikuwa kwenye bawaba. Shemeji alikuwa amefuata bano. Mke wangu alikuwa anatusimamia. Macho yote yakaenda kochini.

"Iliniuliza, ndiyo," bibi akasema. "Nikajiuliza, imetoka wapi? Dukani. Nikaijibu ukweli."

Kijana kule simuni alikohoa, lakini najua kikohozi na najua kicheko. Akatueleza kwamba dukani taa ni kali na TV zinashindana ukutani, kwa hiyo ukiiambia iko dukani inawasha mwanga wote ilionao na kukoleza kila rangi. Na mteja akichezea mipangilio, inasubiri kidogo kisha inajirudisha ilivyokuwa, anayefuata aikute safi. Dawa ni kuingia kwenye menyu na kuchagua nyumbani.

Nikachagua. Utepe ukatoweka, mtangazaji akawa na rangi ya mtu, bahari ikawa maji.

Nyumba nzima ikanigeukia mimi.

"Mbona imefifia?" mke wangu akauliza.

"Haijafifia. Ndivyo ilivyo."

"Jana ilikuwa nzuri kuliko hivi, baba," akasema Zuhura.

"Jana mtangazaji alikuwa mgonjwa!"

"Lakini alikuwa anang'aa," bibi akasema. "Mjukuu wangu, kitu tumekinunua kinang'aa, wewe unakizima. Rudisha."

Nilijieleza. Nilisema habari za umeme unaoliwa bure, nikasema habari za macho usiku. Tukapiga kura, na shemeji, ambaye haishi kwetu, akapiga pia. TV ikarudishwa dukani bila kutoka sebuleni.

Kwa hiyo mechi ya fainali tuliiona hivyo. Nyasi zilikuwa za kijani cha kuumiza, refa ana chungwa, na dakika za mwisho, mpira unapigwa kuelekea goli, utepe mweusi ukateremka juu kabisa palipo matokeo na muda: RANGI ZAIDI YA BILIONI 1! Kukawa na vurugu langoni, kelele, bendera ya mshika kibendera ikapanda au haikupanda. Shemeji akainuka, akainamisha kichwa hadi karibu aguse kapeti, akichungulia chini ya utepe kama matokeo yamejificha nyuma yake. Ulipoondoka, mechi ilikuwa imekwisha na watu wanakumbatiana. Tulibishana wamefungwa au wameokoa mpaka jirani alipopiga vuvuzela, na tunajua yeye anashabikia upande gani.

Mke wangu ametangaza kwamba sasa tunanunua meza, apate mlango wake wa stoo. Sijamaliza hata kusema sawa, simu ikaita.

"Shem," shemeji akasema, "usije ukachukua MDF."